Ngwe ya Katikati

Walikuja na futikamba. Hilo peke yake lilimtosha Kitinda kujua kwamba ndugu zake hawakuja kuitazama picha aliyoiacha baba yao, walikuja kuipima. Na mtu anayesimama mbele ya mchoro akiwa na futikamba mkononi, kwa maoni yake, alikuwa sawasawa na mtu anayekwenda kusikiliza muziki akiwa na mizani kwapani.

Aliyeibeba alikuwa kaka yao mkubwa, mpima ardhi, ambaye kila mtu, pamoja na mke wake, alimwita Mpima. Aliingia sebuleni kama anayeingia kiwanja kisicho na hati: hatua ndefu, shingo mbele, macho yakitafuta pembe nne za chumba kabla ya kutafuta watu waliomo. Nyuma yake alifuata Mwalimu, makamu wa mkuu wa shule, mwenye mazoea ya kukohoa kidogo kabla ya kusema lolote ili darasa linyamaze, hata pale ambapo darasa lenyewe lilikuwa dada yake na kochi tupu. Mwisho akaja Msusi, mwenye saluni, aliyetanguliwa mlangoni na manukato yake kama mkubwa wa serikali anavyotanguliwa na pikipiki.

"Profesa wetu huyo!" Msusi alisema. "Mbona uso umeukunja? Nani kakulisha ndimu asubuhi yote hii?"

"Shikamoo, Dada. Shikamooni, kaka zangu."

"Marahaba. Haya, kunjua huo uso, mdogo wangu. Tumekuja kugawana, hatukuja kuzika. Kuzika tumeshazika."

Kitinda hakuukunjua. Jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye binti aliyefunga uzazi wa mama yao, miaka mingi baada ya ndugu zake, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea sanaa. Mama alipokufa ndiye aliyebaki na baba yao katika nyumba hii. Ndiye aliyemsafishia visu vya rangi, ndiye aliyemwinua na kumlaza alipoishiwa nguvu. Kwa sababu hiyo aliamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba kati ya watoto wote wa mzee yule ni yeye pekee aliyejaliwa macho. Wengine walijaliwa midomo.

Picha ilichukua ukuta mzima. Baba yao alijipatia riziki kwa kuandika mabango ya maduka, herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride, lakini katika picha hii hakuna kilichonyooka. Aliipaka kwa kisu kipana, kile cha kusawazishia lipu, akirundika rangi juu ya rangi hadi ikavimba kama kovu. Lilikuwa shamba la mtama wakati wa mavuno. Anga lilikuwa la kijani kizito, la namna ambayo hakuna anga lililowahi kuwa, na ukilitazama ulijua kwamba mvua inakuja na wavunaji hawatamaliza. Mtama wenyewe ulikuwa mwekundu kupita mtama wowote uliopata kuota. Udongo ulikuwa wa zambarau, na upande wa kushoto ulisimama mti mmoja, kivuli chake kimelala juu ya mtama. Na kati ya mabua hayo walikuwapo watu watatu walioinama, kila mmoja ametupwa pale kwa mapigo machache ya buluu: mgongo, mkono, kisu kidogo cha kukatia masuke. Hawakuwa na nyuso. Wa katikati alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani, na macho ya kila aliyeingia chumbani yalianzia hapo, yakatangatanga shambani kote, kisha yakarudi palepale.

Shamba lenyewe halikuwapo tena. Mzee aliliuza wakati Kitinda bado anabebwa mgongoni, akamuuzia mtu aliyelimwagia zege na kuinua maghala. Hakumshauri yeyote. Watoto wake wakubwa, waliomaliza likizo zao zote za utotoni wakiwa wameinama pale, waliipata habari kwa jirani. Hawakugombana naye, walipunguza tu kuja. Ndipo mzee, kana kwamba alikuwa akingoja wapungue, akagongomea turubai kwenye fremu ya mbao, akaisimamisha kwenye ukuta wa sebule na kuanza kulichora shamba alilouza, kwa kumbukumbu, chini ya mwanga wa balbu, msimu baada ya msimu.

Sasa, zamani za shamba, mavuno yalikuwa na utaratibu wake. Mzee alikuwa akigawa ngwe: kila mtoto alikatiwa kipande chake, ukanda mrefu kutoka njiani hadi kijitoni, na hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha mgongo akaondoka kabla ngwe yake haijaisha. Ya kushoto ilikuwa ya Mpima. Ya kulia ilikuwa ya Mwalimu. Ya katikati ililimwa na kuvunwa na mama yao hadi mgongo ulipomshinda, kisha ikamwangukia Msusi. Kwa hiyo picha ilipokamilika na watu wakawa watatu, hapakuwa na haja ya kuuliza. Kila mmoja alijitambua, au alijiambia kwamba amejitambua. Na baada ya mazishi, Mpima aliposema kwamba picha ile ndiyo shamba, na shamba lina ngwe, na kila mtu achukue ngwe yake, Kitinda alingoja wenzake wacheke. Hawakucheka. Mwalimu alikohoa na kusema kwamba hoja hiyo ina mantiki.

Na leo ndiyo walikuja kuitekeleza.

Mpima alivua viatu, akapanda juu ya meza ya kulia, akachomeka pini kwenye ubao wa juu wa fremu na kuteremsha uzi mweupe wa waashi hadi chini.

"Mpaka wa kwanza," alisema. "Kutoka hapa kwenye huu mti, wima, hadi kwenye udongo. Kushoto ni kwangu."

"Na anga je?" Mwalimu aliuliza.

"Kila ngwe inakwenda na anga lake. Hilo liko wazi."

"Liko wazi kwako. Anga lako lina mwanga. Langu mimi ni giza tupu, kama dari la jiko la kuni."

"Giza alikupa Baba, sikukupa mimi. Mlalamikie yeye."

"Na mti? Kivuli chake chote kimelala upande wa Dada, halafu kinaingia kwangu. Sisi tupokee kivuli, wewe uchukue mti?"

"Mti ni alama ya mpaka. Alama ya mpaka haina mwenyewe."

"Basi utakatwaje?"

Mpima alifikiri huku ameshika kiuno. "Katikati ya shina," alisema.

Kitinda alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, cha puani.

"Kuna nini, Profesa?" Mpima aliuliza kutoka juu ya meza.

"Hakuna kitu, Kaka. Nangoja tu mfike kwenye kupima rutuba."

"Mwacheni," Msusi alisema, akijipepea kwa kipande cha gazeti. "Ada ya chuo yote ile, angalau amejifunza kucheka kama wazungu wa sinemani."

Waliendelea. Uzi wa pili uliteremshwa. Katika kuuteremsha, Mpima aliegemeza kiganja chake kizima juu ya anga ili asianguke, na Kitinda akaona chembe ya kijani ikibanduka na kudondoka juu ya kitambaa cha meza. Hakuna mwingine aliyeiona. Walikuwa wakijadili matumizi. Mpima angeitundika ngwe yake ofisini, nyuma ya kiti chake, ili mteja anayekuja na mgogoro wa kiwanja ajue kwamba anazungumza na mtu aliyetoka kwenye ardhi. Mwalimu alikuwa na wazo ambalo alilieleza kwa fahari ya mgunduzi: kipande chake angekilaza juu ya meza ya sebuleni, akifunike kwa kioo.

"Mgeni anaweka kikombe juu ya kioo, picha iko chini, haichafuki," alisema. "Watu wanakunywa chai huku wanaona mavuno."

"Mavuno chini ya visosi," Kitinda alisema.

"Ndiyo. Kuna ubaya?"

Kitinda aliiokota ile chembe ya kijani. Kulikuwa na ubaya wa namna ambayo, ukilazimika kuueleza, umeshashindwa. Alimtazama dada yake. "Na wewe, Dada? Saluni? Juu ya vikausha nywele?"

"Mimi najua pa kuipeleka," Msusi alisema, na hakuongeza neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kitinda alilichukulia kuwa ni haya. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: kipande cha katikati kati ya bango la mafuta ya nywele na kalenda, wateja wenye vichwa vilivyolowa wakinyooshewa kidole, "Huyo mwenye kitambaa ni mimi, jamani, nilipokuwa kigori." Alimdharau kwa hilo kabla halijatokea.

"Na mimi?" aliuliza. "Mnanikatia wapi?"

Ndugu watatu walitazamana kwa aibu ya watu waliokwisha kulizungumza jambo hilo kwenye simu.

"Wewe hukuwa na ngwe, mdogo wangu," Mpima alisema kwa upole uliopimwa. "Shamba liliuzwa hujaanza hata kutambaa. Tumekuachia makochi na redio ya Mzee."

"Na kabati," Mwalimu alisema.

"Na kabati."

Hapo ndipo Kitinda alipoinuka na kusema. Alikuwa amelitayarisha lile neno kwa siku kadhaa, na kichwani mwake lilikuwa zuri. Alisema kwamba picha si ardhi. Alisema kwamba jicho linalotazama kile chekundu cha katikati linakihitaji kijani cha pembeni, kama vile mapafu yanavyohitaji mbavu, na kwamba ukikata baina ya hivyo viwili hutabaki na picha tatu ndogo bali na madoa matatu makubwa. Alisema kwamba baba yao hakuchora mtama, alichora majuto, na majuto hayagawanyiki kwa futi. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyasema akiwa ameinua kidevu, na kila sentensi ilipomalizika alinyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri wasio na akili waifikie.

"Umemaliza?" Mpima aliuliza.

"Sijamaliza. Nyinyi mkipewa mwezi mtauliza hati yake iko wapi. Mnakata kwa sababu hamjui kutazama. Hamjawahi kujua. Mngelikuwa mnajua, mzee asingekaa humu peke yake akiongea na ukuta."

Mwalimu alikohoa, lakini safari hii kikohozi kilimtoka vibaya. "Unaisikia hiyo sauti?" alimwambia Mpima. "Hiyo ndiyo sauti ya Baba. Ndivyo alivyokuwa akitusemesha, kutoka njiani, sisi tukiwa ndani ya mabua."

Kitinda aliipokea kauli hiyo kama sifa. Na kwa kuwa aliona ameshinda, akatoa lile alilokuwa amelificha: kwamba mchana huu huu anakuja msimamizi wa jumba la sanaa la mji, na gari, kuichukua picha ikiwa nzima. Jumba lina ukuta mkabala na mlango, na kuingia hakulipiwi. Mtu anayetoka sokoni na kikapu chake ataingia, atasimama, ataona. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kuzungumza nao. Kila kitu kilikuwa tayari.

Alitarajia mshangao. Badala yake Mpima aliuachia uzi, akageuka juu ya meza.

"Ulikwenda kuzungumza nao," Mpima alirudia.

"Ndiyo."

"Hukutuuliza."

"Mngesema nini? Mngeuliza vipimo."

"Hukutuuliza," Mpima alisema tena, polepole, "kama yeye alivyoliuza bila kutuuliza. Halafu tukasikia kwa jirani." Akateremka kutoka mezani, akavaa viatu kimoja kimoja, akafungua mkoba wake na kutoa kisu cha kukatia mazulia. Wembe wake ulitoka kwa mlio mdogo. "Gari likifika, litakuta tumemaliza."

Mwalimu alisogeza kiti kumpisha. Msusi aliacha kujipepea. Mpima aliweka kidole kwenye uzi wa kwanza, akautafuta mti kwa ncha ya kisu, naye alikuwa na mkono ulionyooka sana, mkono wa kazi yake; usingetetemeka, usingekosea. Kitinda aliona kwamba maneno yote mazuri aliyokuwa nayo ameshayatumia, na hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa uzi ule.

"Yule wa katikati siye Dada," alisema.

Kisu kilisimama.

"Ni Mama. Baba aliniambia."

Ulikuwa uongo mtupu. Mzee hakuwahi kumwambia neno kuhusu picha. Katika siku zake za mwisho alizungumzia ndala za muuguzi na ubovu wa herufi kwenye bango la hospitali, basi. Lakini Kitinda alikuwa amesema, na alipotazama nyuso zao aliona kwamba neno hili, tofauti na yale ya mwanzo, limeingia.

"Alikuambia lini?" Msusi aliuliza.

"Alipokuwa amelazwa. Nilikuwa namnyoa ndevu. Akasema, yule mwenye kitambaa ni mama yenu."

"Kitambaa kilikuwa cha Mama kwanza," Mwalimu alisema taratibu. "Kweli. Kabla Dada hajakirithi." Akaisogelea picha, akainama mbele ya yule mtu wa buluu kama anayesoma karatasi ya mtihani iliyomtatiza. "Basi kama ni Mama, hii ni ngwe ya Mama."

"Ngwe ya Mama haikuwa na mwenyewe," Mpima alisema. Alikuwa bado ameshika kisu, lakini sauti yake ilikuwa imekwenda mbali. "Kilichotoka pale kilikuwa cha chungu cha nyumbani. Sote tulikula."

"Basi huwezi kumkatia mtu mmoja."

"Najua."

"Na ukiiacha ya katikati, hizi za pembeni utazikata vipi? Utaiacha ukutani peke yake kama jino?"

"Nimeshasema najua, Mwalimu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mapafu, mbavu, jicho, majuto: hayo yote hawakuyasikia. Waliwekewa mpaka mbele yao, na mbele ya mpaka walikuwa watu watiifu kabisa. Kitinda alitamani kucheka tena. Walikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na dharau yake kwao, kwa muda huo mfupi, ilikuwa tamu kama sukari guru. Mpima alirudisha wembe ndani, akakiweka kisu juu ya mkono wa kochi, akaanza kukunja uzi kwenye vidole vyake. Msusi alikuwa hajasogea. Alikuwa akimtazama yule mwenye kitambaa, na uso wake, uliopakwa vizuri kama kawaida, haukuonyesha kitu.

Gari lilipopiga honi nje, wote walishtuka kwa pamoja, kama watoto waliokutwa jikoni.

Msimamizi wa jumba alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alisimama mbele ya picha akasahau kusalimia. Kitinda aliona jicho lake likianzia pale linapoanzia, likitangatanga, likirudi, na moyo wake ukajaa. Huyu anaona, aliwaza. Hatimaye mtu.

"Hii hatuwezi kuiacha," mama yule alisema baadaye, akifuta miwani. "Mmekubaliana nyote?"

"Tumekubaliana," Mpima alisema, kwa sauti ya mtu ambaye jambo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. "Kwa sharti kwamba ni ya familia nzima. Hakuna fungu."

"Na iandikwe majina yetu," Mwalimu alisema. "Wote wanne."

Wote wanne. Kitinda alilisikia hilo, akalipita.

"Tutaandika. Pale chini huwa tunaweka maelezo mafupi, watu hupenda kujua." Msimamizi alitoa kalamu. "Huyu wa katikati ni mtu maalumu?"

Kitinda alifungua mdomo. Lakini Msusi alikuwa ameshatangulia.

"Ni mama yetu," alisema.

Msimamizi akaandika.

Tatizo lilikuwa mlango. Picha ilizaliwa ndani ya chumba kile na haikuwahi kutoka. Mpima, aliyepima kila kitu tangu asubuhi, hakuwa amepima mlango. Aliupima, akaupima tena, kisha akatangaza kwamba watang'oa dirisha kubwa la mbele. Yeye na Mwalimu walitoka nje na bisibisi, msimamizi akawafuata kumtafuta dereva wake, na mara zikasikika sauti zao kutoka upande wa pili wa ukuta, mmoja akimwambia mwenzake kwamba anashika kama mtu aliyesomea historia.

Ndani walibaki dada wawili.

"Unajua nilitaka kuipeleka wapi?" Msusi aliuliza. Hakugeuka. "Ile ngwe yangu."

"Saluni."

"Saluni!" Alicheka, bila furaha. "Niitazame kila siku? Nilitaka kuichoma moto, mwenzangu. Nyuma ya nyumba, kwenye pipa la taka. Ningekuwa nimeshaichoma leo jioni."

Kitinda alikitazama kisu juu ya mkono wa kochi.

"Miaka yote hii kila nikija kumjulia hali, nakaa kwenye kochi lile, naangaliana nayo. Mimi huyo. Nimeinama. Kila kitu amenipa, mgongo amenipa, kisu amenipa, mpaka na kitambaa. Uso hakunipa. Nikawa nasema, mzee huyu nimemvunia tangu sijaota meno ya pili, na siku ya kunichora, uso wangu haukumjia." Aliinua mkono, akauweka karibu sana na rangi bila kuigusa. "Sasa unaniambia ni Mama. Na Mama ni sawa. Mama angechorwa uso wa nini? Uso wake tunaujua sote."

Nje kitu kilianguka, na Mwalimu akasema neno ambalo hafundishi.

Kitinda alijua kwamba huu ndio wakati. Neno lilikuwa palepale kooni: Dada, nimetunga. Lakini kisu kilikuwa bado juu ya mkono wa kochi, karibu na mkono wa Msusi, na pipa la taka lilikuwa bado nyuma ya nyumba ya Msusi. Na dada yake alikuwa akimtazama yule mtu wa buluu kwa uso ambao Kitinda hakuwahi kuuona kwake, uso uliolegea, wa msichana. Aliitafuta ile dharau yake ya asubuhi ili aiegemee. Ilikuwapo, nzima, wala haikupungua hata chembe. Ila ilikuwa imegeuka na kumkabili yeye.

"Dada," alisema.

"Nini?"

"Shika huo upande wa chini. Taratibu. Rangi inabanduka."

Waliipitisha picha dirishani kwa kelele nyingi. Mpima aliamuru, Mwalimu alipinga, dereva wa jumba aliwapuuza wote wawili na ndiye aliyefanikisha. Ilipofika nje, ilikuwa mara yake ya kwanza kuonwa na jua. Mzee aliichora chini ya balbu, na sasa ule wekundu uliwaka hadi watu wakasimama barabarani. Fundi viatu wa jirani aliacha kazi yake. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka dukani waliweka mizigo chini. Walisimama kama Kitinda alivyokuwa akisema siku zote kwamba watu wangesimama, wakiwa hawana elimu yoyote ya kutazama, na wakatazama.

"Huyo mwenye kitambaa ni nani?" mmoja wa wanawake aliuliza.

"Mama yetu huyo," Msusi alisema, na sauti yake ya saluni ikamrudia yote, nene na yenye ukarimu. "Huyo alikuwa akivuna ngwe yake akimaliza anaingia ya mtoto aliyechoka, hasemi kitu. Siku hiyo iliyochorwa mvua ilikuwa inakuja, akakataa kuondoka. Alijikata kidole akakifunga kwa jani akaendelea. Si ndivyo, Kitinda? Huyu ndiye aliyeambiwa na Baba mwenyewe."

Kitinda aliijua habari ya kidole. Kovu lilikuwa kwenye kidole cha Msusi, kile kilichoshika fremu mbele yake, lilikuwapo tangu Kitinda akiwa mtoto. Watu waligeuka kumtazama. Mpima na Mwalimu nao waligeuka, wakingoja kusikia zaidi kuhusu mama yao. Msimamizi wa jumba aliifungua tena kalamu yake.

"Ndiyo," Kitinda alisema. "Ndivyo alivyosema."

"Na wimbo?" Msusi aliuliza, macho yakimng'aa. "Alikuambia kuhusu wimbo aliokuwa akiimba?"

"Alinieleza," Kitinda alisema, akashika vizuri pembe yake. "Wewe simulia, Dada. Unaukumbuka kuliko mimi."